Divai ya bitoke ya familia: mwongozo kamili kuanzia shamba mpaka chupa

Jambo bana Bukavu, na bale ba Goma na Uvira pia. Kila mutu hapa anajua kasiksi, ile pombe ya ndizi, tunaikunywa ku mahari, ku matanga, ku siku majirani banakuja kusaidia kulima, lakini ukisema divai ya bitoke (ndizi) batu banafikiri ni ile ile kasiksi umetia mu chupa nzuri kusudi upandishe bei. Haiko vile. Juisi ni moja, mikono ya kukamua ni ile ile, ila kuna mahali njia zinaachana. Kasiksi inataka mtama, inataka hewa, inataka haraka, kisha siku tatu ine imekwisha. Divai haitaki mtama, haitaki hewa kabisa, na ukiifanya muzuri inakaa miezi mingi mu chupa. Na ile inaharibu divai ya bamama betu mara mingi haiko ukosefu wa mashini, ni bintu bibili tu: ndizi haikuiva sawasawa, na maji yameongezwa mingi. Mengine yote yanafuata hapo.

Kuna bale banauliza kwa nini tusipande mizabibu kama Wazungu. Panda kama unataka, itakupa kivuli, ila mvua yetu inaanza mwezi wa tisa inafika mpaka mwezi wa tano, na mzabibu ukikaa na maji ku majani siku zote ukungu unaukamata. Kule Dodoma, Tanzania, banavuna zabibu mara mbili kwa mwaka juu ni pakavu. Sisi Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi tuko na migomba, basi shamba letu la divai njo ile ya nyuma ya nyumba.

Bitoke gani, na shamba linachungwa namna gani

Haiko kila kitoke inatoa juisi. Chukua kile cha kupika, ukiivishe, ukikamue na majani hata asubuhi mzima, utapata uji tu. Bitoke bya pombe ukivilamba bikiwa bibichi ulimi unakauka, ile kitu inakausha ulimi inaitwa tanini, na tanini njo inashika protini ya ndizi inaigandisha, sasa juisi inajitenga na nyama inatoka safi. Kwa hiyo bazee bakilamba kitoke kabla ya kukata si kwa kuchezea, banapima. Huku kwetu bengi banatumia Nshikazi na aina zingine za pombe za hapa, na kuchanganya na Yangambi Km 5 kwa kuongeza sukari (jina linatoka ku kituo cha utafiti cha Yangambi, kule Tshopo). Mimi naona muzuri bitoke bya pombe bikuwe vingi, ile ingine ikuwe kidogo, juu ukizidisha ndizi tamu juisi inakuwa ya ukungu na kusafika inakawia.

Ugonjwa wa wilt, ule wa bakteria unanyausha migomba, unajulikana, uliingia Kongo 2001 kupitia Masisi na umemaliza mashamba mengi. Kwa mutu wa divai uko na hasara mbili, inaua mgomba, na pia inafanya ndizi iive kwa nguvu, juu ya njano na ndani madoa ya kahawia, na ile ikiingia mu juisi inaleta uchungu. Pasua kidole kimoja cha kila mkungu kabla ya kuubeba. Ukiona madoa, mkungu mzima unabaki shambani. Ile moyo ya zambarau inaning'inia chini ya mkungu, itoe mapema na kijiti cha panda, apana na panga, juu bidudu binapita paka pale kuleta ugonjwa, na panga linaubeba kutoka mgomba huu mpaka ule. Panga lenyewe lipitishe mu moto kabla ya kuingia mu shamba ya jirani. Ukikuta mgomba mugonjwa kata ile shina moja chini kabisa mapema, na urudi kuangalia kila wiki.

Mkungu unakatwa wakati vidole vimejaa, kona zake zimepotea zimekuwa mviringo. Batu banakata mbele ya wakati juu ya bezi ama juu wanataka pesa ya minerval (karo ya shule), na hapo divai imeshapoteza sukari ambayo shimo ya kuivisha haiwezi kurudisha.

Kuivisha: hapa usikimbie

Kuna njia mbili za bazee. Ya kwanza ni juu ya moto ya jikoni, unapanga bitana bya ndizi ku uchaga juu ya mafiga na moshi inafanya kazi pole pole, karibu wiki moja ama zaidi, na huku Bukavu kwa baridi ya mita 1,500 inaweza kukawia. Ya pili ni shimo. Chimba shimo ya karibu mita moja kwenda chini mahali maji hayaingii, choma majani makavu ya migomba ndani mpaka udongo upate moto, toa majivu yote, tandika majani mabichi chini na ku kuta, panga bitana (apana mikungu mizima, hewa haitapita), funika na majani mengine kisha udongo. Bengine banaacha kitundu kidogo pembeni banapulizia moshi ya majani, kisha banaziba. Siku ine ao tano unafungua. Majani yapasuke chini hata kidogo udongo unaingia, na udongo ku ndizi ni harufu utakutana nayo tena mu glasi.

Ndizi imekuwa tayari wakati ganda ni njano lote mpaka ku ncha, na vidoti vyeusi vidogo vimeanza, na ganda linatoka lenyewe bila kuvuta nyama. Kama kuna ile kijani ku ncha, bado. Kama unataka kuwa na hakika nunua chupa ndogo ya iyodi ku farmasi, kata kidole katikati udondoshe tone moja: ikigeuka bluu nyeusi, unga bado iko ndani haijakuwa sukari, rudisha ku shimo siku moja ama mbili, ikibaki rangi ya iyodi yenyewe, kamua leo. Hii ni kitu ya bei kidogo kabisa na inakuokoa na hasara, lakini watu hawaifanyi, banasema bazee habakuwa na iyodi. Bazee bakuwa na ulimi wa kuonja na miaka ya kuujaribu.

Ndizi nyeusi iliyoanza kuchacha yenyewe, itenge. Hiyo inafaa kasiksi ya haraka ao nguruwe.

Kukamua

Osha ndizi na ganda yake kabla ya kumenya, osha na mikono mpaka ku kiwiko, na bale banaokanyaga na miguu baoshe miguu na sabuni basuguse kucha, hii haiko haya. Menya zote, weka mu muvure ama mu beseni kubwa ya plastiki, apana mu beseni ya chuma iliyokutu wala pipa lilikuwa na dawa ya shamba ama petroli, hata kama umeliosha mara ngapi. Aluminiumu pia usiiache na juisi usiku mzima.

Leta majani, yale makali ya kuezekea nyumba yako muzuri, yaoshe kisha yakauke kidogo. Weka majani mingi, tuseme kikapu moja ya majani kwa beseni moja ya ndizi, changanya, kisha anza kukanda. Mwanzoni inakuwa donge inayonata na mikono inachoka na mutu anaanza kusema mama nimedanganywa. Endelea. Inafika wakati donge inabadilika rangi inakuwa ya kikahawia, majani yanaanza kulia mu mikono, na chini ya vidole unasikia maji, kwanza kidogo kisha ghafla mengi. Hapo acha kukanda, kamua tu, weka kitambaa cheupe ku beseni nyingine uchujie humo. Ukiendelea kukanda kisha juisi kutoka unairudisha mu uji na itakuwa na matope mpaka mwisho.

Hesabu ya matarajio: kilo kumi ya ndizi iliyomenywa inakupa karibu lita tano ya juisi safi, ukiwa na mikono muzuri inapita kidogo. Usishangae kama ni kidogo kuliko vile jirani anasema, jirani ameweka maji.

Maji, na hesabu ndogo ya sukari

Kwa kasiksi ni desturi kumwaga maji ku majani na makapi kukamua mara ya pili na ya tatu, na hakuna kosa. Kwa divai angalia sukari. Gramu 17 ya sukari mu lita moja inakupa digri moja ya pombe. Juisi safi ya ndizi iliyoiva muzuri iko na karibu gramu 180 kwa lita, gawanya na 17 utapata karibu digri 10 na nusu, hiyo ni divai. Ukiongeza maji sawasawa na juisi, unabaki na gramu 90, ni digri tano, hiyo ni bia bila kitu ya kuilinda, na divai ya digri tano ku Bukavu inageuka siki mbele ya mwezi kwisha. Digri inalinda. Kwa hiyo kwa divai, maji ya kusuuza makapi ni kidogo tu, na yachemshwe yapoe, hata yakitoka ku robine.

Ukipata densimetre, kile kipimo cha uzito wa juisi (maduka ya bintu ya laboratoire bako nayo), juisi ikisoma 1,075 mpaka 1,085 umefika. Ikiwa 1,060 ao chini, ongeza sukari. Kuinua lita 20 kwa digri moja inataka karibu gramu 340, unaikorogea mu juisi ya moto kidogo kwanza, kisha unamwaga ndani. Mimi siko mtu wa kuongeza sukari mingi, divai ya digri 14 ya bidoni inachoma koo na ndizi haisikiki tena.

Kitu cha pili ndizi haina ni uchachu. Juisi yake iko laini, vijidudu vibaya vinapenda hiyo, na ku ulimi divai inakuwa nzito. Kamulia limau, karibu moja kwa lita, onja, ikianza kukuamsha imefika.

Kuchacha

Bidoni za lita 20, zile za njano za mafuta, batu bengi banazitumia, shida mafuta ya ngazi (mawese) hayatokagi mu plastiki, divai itayachukua. Tafuta mpya ama ile ilibeba maji tu. Osha na maji ya moto na kidogo ya javel (dawa ya kung'arisha nguo), suuza mpaka harufu ya javel iishe yote, kisha suuza tena.

Jaza bidoni mpaka robo tatu, usijaze mpaka ku mdomo juu povu itapanda. Kwa levire (hamira) uko na chaguo tatu. Unaweza kuiacha ichache yenyewe, ile levire ya porini iko ku maganda na ku majani na ku mikono yako, ni njia ya bazee lakini kila mara ni bahati nasibu. Unaweza kununua levire ya mkate, gramu tano kwa lita 20, unaiamsha kwanza mu kikombe ya maji ya vuguvugu na sukari kidogo, inafanya kazi lakini inaacha harufu kidogo ya mkate na matope yake ni mepesi, ukitikisa bidoni kidogo yanapanda yote. Ya tatu njo napenda: chukua kikombe moja ya mashapo kutoka ku divai ya mutu mwenye divai nzuri, ile imemaliza kuchacha juzi juzi, umwage mu juisi mupya. Familia zinazoheshimika kwa pombe yao zinachunga mbegu hiyo miaka mingi, na mama atakupa kama unamwomba na adabu na ukarudisha chupa moja kisha.

Siku tatu ine za kwanza funika mdomo na kitambaa safi kimefungwa na kamba, povu inapanda, inanuka vizuri, ndizi na mkate. Povu ikishuka, funga. Hapa unataka gesi itoke lakini hewa isiingie. Toboa kifuniko, ingiza tuyo ya perfusion (mpira wa dripu) mpya ya farmasi, ziba pembeni na nta ya mshumaa, ncha ingine izamishe mu chupa ya maji. Utasikia blup, blup, batoto batakaa hapo kuhesabu. Bidudu bidogo bya matunda binavyoruka pembeni njo binabeba siki ku miguu, kwa hiyo hata dakika tano usiache bidoni wazi.

Chumba kikuwe na hewa. Ile gesi ni kaboni dayoksidi, inazidi hewa uzito, inakaa chini. Bandugu ba Goma banajua mazuku, gesi hii hii inatoka mu udongo na kuua batu, bila kufundishwa: bidoni kumi mu chumba kidogo kimefungwa na mutoto amelala ku mkeka chini, ni mazuku ya kujitengenezea. Lala mbali.

Joto ya Bukavu, digri 18 mpaka 22, iko muzuri sana kwa divai, inachacha pole pole na harufu haikimbii na gesi. Wiki mbili mpaka tatu blup itakuwa moja moja kisha itanyamaza. Uvira kule chini kwa joto ni siku chache na divai inakuwa kali, muweke bidoni mu beseni ya maji na gunia lenye maji juu.

Kuhamisha na kungoja

Blup ikinyamaza divai bado ni ya maziwa maziwa na chini kuna matope. Usiimwage, inyonye na tuyo kutoka bidoni ya juu ku meza kwenda ya chini, mwisho wa tuyo uguse chini ya bidoni ya pili kusudi isirukeruke na kushika hewa. Matope acha, chunga kikombe moja kwa mbegu. Safari hii bidoni ijae mpaka ku shingo, nafasi ya hewa ni nafasi ya siki. Kama haijai, tumia chombo kidogo.

Kisha mwezi moja hamisha tena. Miezi miwili mitatu inasafika, ukiweka nyuma yake karatasi ya gazeti unasoma. Mahali penye baridi, chini ya nyumba, ku kona ya ukuta wa mawe, inasafika mbio zaidi. Bengine banaweka chai kali kikombe moja mu lita 20 mbele ya kuhamisha mara ya pili, tanini ya chai inashuka na matope, inasaidia hasa kama uliweka ndizi tamu mingi.

Onja kila ukihamisha. Ikinuka yai bovu, ihamishe kwa kurukisha kidogo, harufu inatoka. Ikiwa na ngozi nyeupe juu, hewa iliingia, inyonye chini yake haraka na uijaze muzuri. Ikinuka siki, imekwisha kwa divai, usichanganye na ingine kwa kuokoa, utapoteza zote mbili. Iachie hewa imalizie, siki ya ndizi ku sambaza (samaki wadogo) ya kukaanga iko tamu.

Tena apana fikiri kuipika upate kanyanga, ile pombe kali. Mu divai ile methanoli (pombe yenye sumu) ni kidogo mno, lakini bakiipika mu mapipa na madebe inaweza kuzidi, na batu bamepoteza macho.

Chupa

Usiweke mu chupa divai inayochacha bado. Densimetre isome namba ile ile wiki mbili, ama kama hauna, jaza chupa moja ya plastiki ya soda ufunge, uiache siku tano mahali pa joto: ikikuwa ngumu kama jiwe, bado. Chupa ya kioo ikipasuka mu chumba inakata batu.

Chupa za Primus za 72 cl ziko nguvu na za kahawia, jua haliharibu divai, ila ziko na konsinye (pesa ya rehani ya chupa) na zinahitaji mashini ndogo ya kufunga kapsile (vifuniko). Chupa za divai za ku mahoteli zinapatikana pia kwa batoto banaokusanya, loweka na soda ya kusafishia usiku mzima, suuza, chemsha. Kama hauna dawa ya sulfiti, ile inazuia divai kuharibika, panga chupa zikiwa zimefungwa mu sufuria kubwa na kitambaa chini, maji yafike ku shingo, pandisha joto pole pole mpaka digri 65, chunga hapo dakika 20, zima, ziache zipoe humo humo. Harufu inapungua kidogo, lakini kama utauza mbali ni afadhali. Za nyumbani ziache bila kupika. Andika tarehe na aina ya kitoke ku kila chupa na kalamu, miezi sita tangu hapo utashukuru.

Ukitaka kuuza kwa kweli, mu alimentation (duka) ama ku nganda (baa), OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, inapima ubora na DGDA, ile ya forodha, inakata accise (kodi) ya pombe, uliza ku biro zao mbele ya kutengeneza etiketi mia tano. Kwa bale ba parokia: divai hii haitumikagi ku misa, kanuni ya 924 ya Kanisa inataka divai ya zabibu. Ya ku karamu kisha misa, hakuna mutu atakukataza.

Kama unataka kasiksi na divai siku moja, na bamama bengi njo banafanya vile, juisi ya kwanza isiyo na maji inaenda ku bidoni za divai, kisha mwaga maji ku makapi ukamue mara ya pili, weka mtama uliokaangwa na kusagwa, kilo moja kwa lita 12, funika na majani ya migomba, siku mbili tatu chuja. Hivyo batu ba kazi banakunywa wiki hii na divai inangoja Krismasi bila kuguswa. Makapi ya mwisho na majani yake toa majani, nyama mupatie nguruwe ikiwa bado mbichi, kidogo kidogo juu ikichacha inawalevya, na maganda yarudi chini ya migomba, mbali kidogo na shina.